Mhariri Aliyekwenda Ikulu

Wasifu wa Benjamin William Mkapa huandikwa kuanzia mwisho. Mwandishi huanzia Ikulu, katika urais wa 1995 hadi 2005, kisha hurudi nyuma kutafuta dalili: kijana wa Lupaso, Masasi, aliyezaliwa Novemba 12, 1938, msomi wa Kiingereza wa Makerere, ofisa tawala Dodoma, mwanadiplomasia, na hapo katikati, kwa sentensi moja au mbili, mhariri wa magazeti. Sentensi hizo mbili ndizo ninazotaka kuzifungua. Kuanzia 1966 hadi 1974 Mkapa alikuwa miongoni mwa watu wachache sana walioamua Mtanzania ajuaye kusoma apate habari gani, kwa kichwa gani, ukurasa wa ngapi, na ipi itupwe kapuni. Tumeichukulia kazi hiyo kama chuo cha uongozi, tukampongeza kwa kuhitimu na kuondoka. Hatukuuliza kiti alichokiacha kilibaki na hali gani. Swali hilo linatuhusu hasa sisi tunaoishi mbali na meza za wahariri, tunaosoma magazeti ya Dar es Salaam hapa Usa River, mkoani Arusha, baada ya kusafirishwa zaidi ya kilomita 600, tukitafuta ndani yake mstari mmoja unaoihusu Meru.

Alipopewa magazeti ya TANU, The Nationalist la Kiingereza na Uhuru la Kiswahili, Mkapa hakuwa ametimiza miaka 28. Alipokea kutoka kwa James Markham, Mghana aliyekuja na uzoefu wa magazeti ya harakati za Kwame Nkrumah. Mkapa hakuwa mwandishi wa habari. Alikuwa mtumishi wa serikali mwenye kalamu nzuri, na aliyemtaka mahali pale alikuwa Mwalimu Nyerere. Mwaka uliofuata, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini Arusha kuanzia Januari 26 hadi 29, na Februari 5, 1967 Azimio la Arusha likatangazwa. Mabenki yakataifishwa. Viongozi wakakatazwa mishahara miwili, hisa za makampuni na nyumba za kupangisha. Mhariri wa gazeti la chama, siku kama hizo, ana kazi mbili zinazogombana. Ya kwanza ni kueleza: mkulima wa kahawa wa Nkoaranga ajue neno kujitegemea linamtaka afanye nini kesho asubuhi. Ya pili ni kupima: yaliyoahidiwa yametendeka au hayakutendeka, na nani anayekwepa. Kazi ya kwanza magazeti ya Mkapa yaliifanya kwa bidii na kwa lugha safi. Ya pili ilikuwa na mipaka, maana mwenye gazeti na mwenye serikali walikuwa mtu mmoja.

Msomaji anaweza kunikatiza hapa: gazeti la chama ni gazeti la chama, kwa nini umdai mhariri wake uhuru ambao hakuajiriwa nao? Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama mhariri wa zama zile asingekuwa na nafasi kabisa ya kuamua. Alikuwa nayo, na ushahidi ni jengo la jirani. The Standard, gazeti lililoanzishwa mwaka 1930 kama Tanganyika Standard, mali ya wenye magazeti wa Nairobi na baadaye kampuni ya Lonrho, lilitaifishwa Februari 5, 1970, siku Azimio lilipotimiza miaka mitatu. (Mmoja wa wahariri wake wa enzi ya Waingereza, Brendon Grimshaw, alikuwa ameshajinunulia kisiwa cha Moyenne huko Shelisheli tangu 1962, akaenda kukaa huko na kupanda miti kwa maelfu. Si kila mhariri huota uwaziri.) Nyerere mwenyewe akawa mhariri mkuu kwa jina, na aliwaahidi wasomaji kwamba gazeti litakuwa la kijamaa lakini litakuwa huru kumkosoa mtu yeyote na utekelezaji wowote. Kwa vitendo meza alipewa Frene Ginwala, Mwafrika Kusini mwenye asili ya Kihindi, mwanachama wa ANC.

Ginwala aliichukua ahadi ile kama ilivyoandikwa. Chumba chake cha habari kilijaa vijana wa mrengo wa kushoto waliobishana kwa sauti kubwa, Watanzania na wageni, akiwamo Philip Ochieng kutoka Kenya. Mwezi Julai 1971, Jaafar Nimeiri wa Sudan alipowanyonga viongozi wa chama cha kikomunisti baada ya jaribio la mapinduzi kushindwa, gazeti la serikali ya Tanzania likaandika tahariri kali dhidi yake, ilhali Nimeiri alikuwa rafiki wa serikali hiyohiyo. Ginwala akaondolewa. Miaka ishirini na mitatu baadaye alikuwa Spika wa Bunge la kwanza la kidemokrasia la Afrika Kusini, kwa hiyo hakuna haja ya kumhurumia. Ninachotaka kionekane ni hiki: mpaka ulikuwapo, lakini ulikuwa mbali zaidi kuliko wengi walivyodhani, na aliyetaka kujua uko wapi alilazimika kuukanyaga. Aprili 26, 1972 The Standard na The Nationalist yaliunganishwa kuwa Daily News, na aliyekabidhiwa ni Mkapa. Alikuwa ameona vizuri kilichompata Ginwala. Mwalimu, tukumbuke, alijua upande wa pili wa meza hiyo: mwaka 1958 mahakama ya kikoloni ilimtoza faini ya shilingi 3,000 kwa maneno aliyoyaandika katika kijarida cha Sauti ya TANU. Mtu aliyewahi kushitakiwa kwa uandishi alijua nguvu ya magazeti, na kwa sababu hiyohiyo hakupenda yawe mbali na mkono wake.

Baada ya hapo safari ya Mkapa inakwenda kasi. Mwaka 1974 anakuwa mwandishi wa habari wa Rais. Mwaka 1976 anapewa kuunda Shirika la Habari Tanzania, Shihata, na kabla mwaka haujaisha ni balozi Nigeria. Mwaka 1977 ni Waziri wa Mambo ya Nje. Hakuwa peke yake. Ferdinand Ruhinda, aliyemfuatia katika uhariri wa magazeti hayo, naye alikuja kuwa balozi, na mwaka 1995 alikuwa miongoni mwa wapangaji wa kampeni ya rafiki yake. Sammy Mdee alipita meza ya uhariri akaenda kuwa msemaji wa Rais. Mtindo haukuisha na chama kimoja: Salva Rweyemamu, aliyekuwa kati ya wahariri waliojulikana sana wa magazeti binafsi, aliingia Ikulu ya Jakaya Kikwete kuongoza mawasiliano. Kijana anayeingia chumba cha habari leo anaona ngazi hiyo waziwazi, na anaelewa kwamba aliyepanda vizuri ni yule aliyeshuka mapema kutoka kwenye uandishi.

Kuna watakaosema nchi changa haikuwa na anasa ya kumwacha msomi hodari akisahihisha nukta na mkato. Wasomi wa chuo kikuu walikuwa wa kuhesabika, balozi zilihitaji watu, wizara zilihitaji watu. Ni kweli, na ningelikubali jibu hilo kwa mwaka 1966 bila ubishi. Lakini hebu tumtazame Mkapa kando ya wenzake wawili waliozaliwa mwaka uleule wa 1938. Hilary Ng'weno, aliyesoma fizikia Harvard, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa Nation ya Nairobi, hakudumu pale, wala hakwenda kuomba ubalozi. Mwaka 1975 alianzisha The Weekly Review, jarida lililofundisha kizazi kizima cha Wakenya namna ya kuchambua siasa hadi lilipofungwa mwaka 1999. Philip Ochieng, yule wa Dar es Salaam, alirudi Nairobi, akahariri Kenya Times la KANU kwa namna iliyomletea lawama nyingi, kisha mwaka 1992 akachapisha I Accuse the Press, kitabu cha kuishitaki taaluma yake mwenyewe, na akaendelea na safu zake hadi uzeeni. Hakuna malaika hapo. Wakosoaji walisema Ng'weno naye alilainika mbele ya serikali ya Moi, na Ochieng alitumikia chama tawala kwa kujua. Hata hivyo wote wawili walibaki katika ufundi huo wenye makosa yake, wakawaachia vijana kitu cha kuiga na cha kukataa. Kenya nayo haikuwa na wasomi tele. Tofauti ni kwamba Nairobi mhariri aliweza kuzeeka akiwa mhariri. Watatu hao walifariki ndani ya mwaka mmoja, Mkapa Julai 24, 2020, Ochieng Aprili 2021, Ng'weno Julai 2021. Ng'weno na Ochieng waliagwa kama watu wa magazeti. Mkapa aliagwa kama mkuu wa nchi, na magazeti yalitajwa kwa kupita.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wale wanaosema kwamba mhariri akifika Ikulu, magazeti hunufaika. Wana hoja zao. Miaka ya Mkapa magazeti binafsi yaliongezeka na kuimarika. Mwananchi lilianza mwaka 2000. Baraza la Habari lilianza kazi. Sera ya habari ikatolewa mwaka 2003 ikikubali kwamba vyombo binafsi vina nafasi yao. Yeye mwenyewe, akiwa Waziri wa Habari kati ya 1990 na 1992, alikuwapo mlango ulipoanza kufunguliwa. Sibishi lolote katika hayo. Lakini Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, iliyompa waziri uwezo wa kulifungia gazeti kwa amri yake tu, aliikuta na akaiacha kama ilivyo kwa miaka kumi. Huyu ndiye mtu mmoja katika historia ya nchi hii aliyekuwa na madaraka ya kuifuta na aliyejua kwa mwili wake mhariri hukaaje na sheria ya namna ile kichwani saa nne usiku, kurasa zikisubiri kwenda mtamboni. Mwaka 2001 serikali yake ikamtangaza Jenerali Ulimwengu, mmoja wa waanzilishi wa gazeti la Rai na mkosoaji asiyechoka, kuwa si raia, mtu aliyewahi kuwa mkuu wa wilaya na mbunge. Na waandishi wa siku zile walizoea kumsikia Rais wao akiwakemea kwa uvivu, kutosoma na kutofanya utafiti. Mara nyingi alikuwa sahihi. Lakini uvivu ule ulikuwa na chanzo, na sehemu ya chanzo hicho ni ngazi aliyoipanda yeye: waliokuwa na uwezo wa kuwafundisha wengine waliitwa serikalini kabla hawajamaliza kufundisha.

Sheria aliyoiacha ilifanya kazi baada yake. Agosti 2016 gazeti la Mseto lilifungiwa miaka mitatu kwa kutumia sheria hiyo ya 1976. Walioathirika hawakupata nafuu Dar es Salaam, waliipata Arusha. Juni 2018 Mahakama ya Afrika Mashariki, yenye makao yake katika jiji letu, iliamua kuwa amri ile ilikiuka Mkataba wa Jumuiya. Machi 2019 mahakama hiyohiyo ikasema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, mrithi wa ile ya 1976, navyo vinakiuka Mkataba. Na Mkataba wenyewe ulitiwa saini Arusha, Novemba 30, 1999, na Moi, Museveni na Mkapa. Kwa hiyo yule anayetaka kumtetea ana hoja nzuri hapa kuliko ile ya wingi wa magazeti: aliyeiacha sheria mbovu nyumbani ndiye aliyesaini hati iliyokuja kuikosoa. Ninampa haki hiyo. Ila ifahamike kwamba alisaini kama mkuu wa nchi anayejenga soko la pamoja, na waandishi wakajifaidia kile ambacho hakikutungwa kwa ajili yao.

Usa River ina sababu yake ya kumkumbuka. Machi 2012, baada ya kifo cha mbunge Jeremiah Sumari, Mkapa alikuja hapa kuzindua kampeni za CCM katika uchaguzi mdogo wa Arumeru Mashariki. Jukwaani alidai kwamba Vincent Nyerere, mbunge wa Musoma Mjini aliyekuwa akiongoza kampeni za Chadema, hakuwa wa ukoo wa Baba wa Taifa. Vincent ni mtoto wa ndugu yake Mwalimu. Majibu yalikuja haraka na kwa ukali, na kwa siku kadhaa uchaguzi wa jimbo lenye migogoro ya ardhi, maji na bei ya kahawa ukageuka mjadala wa nasaba. Mgombea wa Chadema, Joshua Nassari, akashinda. Kisa hiki hutajwa kama mzaha wa siasa. Mimi nakiona ni ushahidi wa kiufundi. Dai la aina ile lingeletwa mezani kwa mhariri wa Daily News mwaka 1973, lingerudishwa kwa mwandishi na alama ya kuuliza pembeni: nani kasema, umempigia nani simu, familia inasemaje? Tabia ya kuhakiki ni ya mazoezi. Huishi ndani ya mtu kwa kuwa inatumika kila siku, na jukwaa la kampeni halimdai mtu mazoezi hayo.

Kalamu yenyewe haikumtoka. Alipostaafu aliandika magazetini kupinga mkataba wa ubia wa kiuchumi na Ulaya, EPA, kwa hoja na takwimu, na maandiko hayo yalisomwa kwa makini kuliko hotuba zake nyingi. Katika kitabu cha maisha yake, My Life, My Purpose, kilichotoka 2019, alikiri kwamba mauaji ya Pemba ya Januari 2001 yalibaki doa katika urais wake. Ukurasa huo ni wa mhariri anayechapisha masahihisho, ingawa yalichelewa miaka kumi na minane na walioyasubiri zaidi hawakuwa wasomaji wa Kiingereza.

Sasa nirudi kwa Shihata, kwa sababu ndiko hesabu inakotufikia sisi. Mkapa aliliunda mwaka 1976, na lilivunjwa mwaka 2000 akiwa Rais. Lilikuwa shirika la serikali, zito, lenye kuripoti ziara za viongozi kwa wingi wa kuchosha, na sina hamu ya kulirudisha. Lakini lilikuwa na ofisi mikoani na waandishi wenye mshahara ambao kazi yao ilikuwa kuipeleka habari ya mkoa mezani Dar es Salaam. Lilipokwenda, pengo lilizibwa na waandishi wa kujitegemea wanaolipwa kwa habari iliyochapishwa, na kiasi kile mara nyingi hakitoshi nauli ya kwenda Ngare Nanyuki na kurudi. Matokeo yake hayahitaji utafiti. Mwandishi huenda pale gari la mradi linapompeleka, hukaa kwenye semina yenye chai na posho, na huandika alichosema mgeni rasmi. Bahasha inayolalamikiwa kila mwaka katika makongamano ya wanahabari inaingia pale mshahara ulipotoka.

Chukua maji. Miamba ya volkano ya Mlima Meru inatoa madini ya floraidi kwa kiwango ambacho katika baadhi ya chemchemi na visima vya upande wetu ni mara nyingi ya miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani; na kwa miongo mingi viwango vya Tanzania viliruhusu kiasi kikubwa kuliko hicho. Watoto wanaota meno ya kahawia, na penye madini makali zaidi mifupa ya miguu inapinda. Ngurdoto, hatua chache kutoka Usa River, kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi, ambako kwa miaka mingi wamejaribu kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Habari hii haina siku ya kutokea. Hakuna ajali, hakuna mgeni rasmi, hakuna wa kuzomewa. Ili ifike ukurasa wa mbele lazima mhariri aamue, kwa kichwa chake, kumlipa mtu wiki tatu akae huku, apime, aulize wizara, arudi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodai kwamba simu za mkononi zimemfanya mhariri asihitajike, kwa kuwa kila mkazi wa Leguruki au Kikwe anaweza kurusha video yake. Video ya mtoto mwenye meno ya kahawia imeshapita kwenye simu zetu zote. Haikumlazimisha ofisa yeyote kujibu kwa maandishi.

Meru ina kumbukumbu ya zamani ya jambo hili. Mwishoni mwa 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza maelfu ya wakulima Ngare Nanyuki na kuchoma nyumba zao ili walowezi wapate mashamba. Habari ile haikusubiri meza ya Tanganyika Standard iamke. Wameru walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama Umoja wa Mataifa, New York, kuieleza; mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio, yeye na wakili Earle Seaton wakachapisha kisa kizima katika kitabu. Mtu anaweza kusema basi Meru imethibitisha kwamba inaweza bila wahariri wa jijini. Iliweza, kwa gharama ya michango ya vijiji vizima na baada ya nyumba kuwa majivu. Ardhi haikurudi kwa hotuba ile.

Mtu anayehesabu wahariri wetu waliofika ubalozini, uwaziri na Ikulu anapata orodha ndefu. Wale waliostaafu wakiwa bado wahariri, wakiwa na miaka thelathini ya kuwasahihisha vijana, orodha yao ni fupi, na wengi wao hawajulikani nje ya vyumba vya habari walivyofanyia kazi. Wamiliki wa magazeti wanaolalamika kuwa wasomaji wamehamia kwenye simu wangeanza na bajeti ya mikoani: mwandishi mmoja mwenye mshahara kwa Arumeru, na mhariri wa habari za mikoa ambaye hatahamishwa baada ya miezi minane.